Mikanda ya kunyanyulia vyuma: anayeihitaji hana, asiyeihitaji anayo

Mazoezi ya kunyanyua vyuma hayakosi mtindo mpya. Kuna wakati kila kijana alitaka glavu zilizokatwa vidole. Baadaye ukaja mshipi mpana wa kiunoni. Siku hizi ni mikanda ya mkononi, au strapu kama vijana wenyewe wanavyoiita, na katika mitaa kama Mwihoko, ambako vyumba vya mazoezi hufunguliwa baina ya duka la simiti na duka la chakula cha kuku, mtu huinunua kabla hata ya kujua jina la misuli anayotaka kuikuza.

Kwa msomaji asiyeifahamu, mkanda huu ni kipande cha kitambaa kigumu kinachofanana na mshipi wa kiti cha gari, chenye urefu wa kama nusu mita. Upande mmoja hufungwa kwenye kifundo cha mkono na upande wa pili huzungushwa kwenye mtaimbo wa chuma. Mnyanyuaji anapovuta, uzito haubebwi tena na vidole peke yake, bali sehemu kubwa huhamia kifundoni. Chuma ambacho kingemponyoka hubaki mkononi. Asiye na pesa za dukani hushonewa na fundi wa viatu, na wengine hujikatia utepe wa tyubu ya baiskeli. Tusichanganye mikanda hii na bendeji zinazofungwa kukaza kifundo wakati wa kusukuma uzito. Hizo ni habari nyingine.

Mabishano juu yake hayaishi. Kuna wanaosema mikanda ni ya wavivu, na kwamba mtu asiyeweza kushika chuma kwa vidole vyake hana haki ya kukiinua. Kuna wanaojibu kwamba mgongo na miguu ina nguvu kuliko vidole, basi kwa nini misuli mikubwa inyimwe kazi kwa sababu ya ile midogo? Nimewasikiliza wote, na naona kila upande una nusu ya haki. Lakini pande zote mbili husahau kuuliza jambo moja, yaani mikono ya mhusika imefanya kazi gani tangu asubuhi.

Chukua watu wawili wanaokutana saa moja jioni katika chumba kimoja cha mazoezi. Wa kwanza ni karani wa ofisi mjini. Amepanda matatu Githurai alfajiri, akashinda mbele ya kompyuta, akarudi kwa barabara ya Thika. Kitu kizito zaidi alichoshika mchana kutwa ni kikombe cha chai. Huyu ndiye mwenye mikanda mipya, tena ya rangi. Wa pili ni mwashi. Tangu saa moja asubuhi amekuwa akishika mawe ya kuchonga yaliyoletwa na lori kutoka machimbo ya Ndarugo, akiinua ndoo za mchanga na kukaza nyundo. Huyu hana mkanda wowote. Chuma kikimponyoka katika raundi ya tatu, mwalimu wa mazoezi humwambia, “Kaza mkono, ndugu yangu, wewe ni mtu wa mjengo!”

Mimi ningeiondoa mikanda mkononi mwa karani na kumpa mwashi.

Sababu yake iko kwenye maumbile. Misuli inayofunga vidole haimo viganjani. Mingi imo kwenye kigasha, yaani sehemu ya mkono iliyo kati ya kiwiko na kifundo, nayo huvuta vidole kwa kano ndefu zinazopita kifundoni kama kamba zinavyopita kwenye kapi. Msomaji anaweza kujionea mwenyewe: weka vidole vya mkono mmoja juu ya kigasha cha mwingine kisha kunja ngumi. Utahisi misuli ikicheza karibu na kiwiko. Sasa, misuli hukua na kupona upesi kwa kuwa hupata damu nyingi. Kano hupata damu kidogo, hukomaa polepole na ikiumia huchukua wiki nyingi, pengine miezi, kupona. Mwashi aliyeshika mawe kwa saa nane tayari amezipa kano zake kazi ya siku nzima. Ukimtaka azikaze tena kwa nguvu zote saa moja jioni, unamwita ugonjwa wa kiwiko, yale maumivu ya upande wa ndani ambayo humfanya mtu ashindwe hata kukamua kitambaa. Na kiwiko cha mwashi ndicho mshahara wake. Mikanda ingemruhusu aufanyishe mgongo na mapaja kazi huku vidole vikipumzika.

Karani yuko katika hali iliyo kinyume kabisa. Kano na misuli ya vigasha vyake haina kazi nyingine duniani isipokuwa ile saa moja ya jioni, mara tatu kwa wiki. Akivaa mikanda tangu chuma cha kwanza, hata hiyo saa moja ameinyang'anya. Baada ya mwaka atakuwa na mgongo wa kuinua kilo 120 na vidole vya kuinua 60.

Kuna jambo lingine ambalo wauzaji wa mikanda hawalitaji, nalo ni mtaimbo wenyewe. Mtaimbo wa mashindano ya kimataifa ya kunyanyua uzani kwa wanaume una uzito wa kilo 20 na unene wa milimita 28 mahali pa kushikia. Wa wanawake ni kilo 15 na milimita 25. Sehemu ya kushikia imechorwa mikwaruzo midogo ili isiteleze, na ncha zake zinazobeba uzito huzunguka zenyewe ili mtaimbo usijipindue mkononi. Ukiingia katika vyumba vyetu vingi vya mtaani, unakuta bomba la maji. Limepakwa rangi, ni laini kama sahani, na uzito wake ni simiti iliyomiminwa kwenye mikebe au magurudumu ya mashine kuukuu yaliyochomelewa. Silidharau, watu wamejenga miili ya ajabu kwa bomba na simiti. Lakini bomba ambalo mafundi huliita la inchi moja lina unene wa nje wa kama milimita 33, na lile la inchi moja na nusu hufika kama milimita 48. Vidole havikutani na kidole gumba. Juu ya hayo, uzito uliochomelewa hauzunguki, hivyo chuma kikiyumba kidogo hulazimisha vidole vifunguke.

Kwa hiyo kijana wa Mwihoko anayelalamika kwamba mshiko wake ni dhaifu kuliko wa watu anaowaona kwenye video za simu, huenda anajidhulumu. Wale wameshika mtaimbo mwembamba wenye mikwaruzo, yeye ameshika bomba la maji. Akishika bomba la milimita 48 bila kuteleza, mshiko wake unaweza kuwa mzuri kuliko wa hao anaowahusudu.

Na tukiwa bado kwenye video, tuseme kidogo juu ya majitu. Mwingereza Eddie Hall aliinua kilo 500 kutoka sakafuni mjini Leeds mwaka wa 2016. Mwaka wa 2020 Hafthór Björnsson wa Iceland akaongeza kilo moja juu yake. Wote wawili walifunga mikanda mikononi, kwa kuwa kanuni za mashindano yao ya watu wenye nguvu huruhusu. Vijana huona hivyo na kukata shauri. Lakini katika pawalifti, ambako pia chuma huinuliwa kutoka chini, kanuni za shirikisho la kimataifa haziruhusu mikanda ya kushikia. Mashindano ya kunyanyua uzani ya Olimpiki hayaruhusu pia, ingawa wanyanyuaji hao hao huitumia katika mazoezi ili kuokoa ngozi na vidole gumba. Maana yake ni kwamba wataalamu hawakuikataa mikanda wala hawakuiabudu. Wana siku ya kuvaa na siku ya kuvua.

Tena, kuna mazoezi ambayo mikanda haina kazi kabisa. Hellen Wawira Kariuki alituletea medali ya shaba katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Birmingham mwaka wa 2022, katika kunyanyua uzani kwa wanamichezo walemavu. Mchezo huo ni wa kulala chali na kusukuma chuma kutoka kifuani. Chuma kinakaa juu ya kiganja, hakining'inii, na kujifunga nacho katika zoezi kama hilo ni kujitafutia balaa. Nimewahi kuona kijana akisukuma uzito kifuani huku amejifunga mikanda, na alipoulizwa alisema inampa nguvu. Chuma kikimwangukia, ataondoaje mikono?

Hatari hiyo ndiyo nataka ikumbukwe. Mikanda ni ya kuvuta: kuinua chuma kutoka sakafuni hadi mapajani, kuvuta kuelekea tumboni ukiwa umeinama, kujivuta juu kwenye bomba. Si ya mazoezi ambayo chuma hurushwa hadi mabegani au juu ya kichwa. Hapo usalama wa mnyanyuaji ni kuachilia chuma kianguke na yeye arudi nyuma. Aliyejifunga hawezi kuachilia kwa wakati, na kifundo ndicho kinachovunjika. Mwalimu anayemfunga mwanafunzi mchanga mikanda katika mazoezi hayo anastahili kuulizwa alisomea wapi.

Sasa kwa nini gazeti la afya lijishughulishe na vidole? Kwa sababu nguvu za mshiko zimekuwa mojawapo ya vipimo ambavyo madaktari huvitazama kwa makini. Mwaka wa 2015 jarida la matibabu la Lancet lilichapisha matokeo ya uchunguzi mkubwa uitwao PURE, uliopima mshiko wa watu wapatao 140,000 katika nchi 17, tajiri na maskini, zikiwemo Zimbabwe na Afrika Kusini. Watu hao walifuatiliwa kwa takriban miaka minne. Kwa kila kilo 5 ambazo mshiko ulipungua, uwezekano wa kufa katika kipindi hicho ulipanda kwa asilimia 16. Mshiko ulibashiri vifo vizuri zaidi kuliko kile kipimo cha juu cha shinikizo la damu tunachopimwa kliniki.

Tahadhari hapa. Wapo watakaosoma takwimu hizo na kukimbilia kununua vile vikoleo vya kufinya vinavyouzwa barabarani, wakidhani kufinya kutawaongezea miaka. Kipimajoto hakiponyi homa. Mshiko ni ishara ya hali ya misuli ya mwili mzima, ya chakula, ya maradhi yaliyojificha na ya umri. Mzee ambaye mshiko wake umeshuka ghafla anahitaji kuonwa na daktari, na kikoleo hakitamsaidia. Lakini hata tukiacha takwimu, kila mmoja wetu ana mzazi ambaye siku moja alishindwa kufungua kifuniko cha chupa, au ambaye hushuka kwenye matatu kwa shida kwa sababu mkono hauwezi tena kushika chuma cha mlangoni. Anayejikwaa ngazini na kushika ukuta wa pembeni hujiokoa. Asiyeweza kushika huanguka, na nyonga iliyovunjika uzeeni ni jambo zito. Mkono huo hujengwa mtu akiwa na miaka 30 na 40, wakati bado anaringa.

Kujenga mshiko hakuhitaji gharama. Mitungi ya maji ya lita 20 iko karibu katika kila nyumba, na mtungi uliojaa una uzito wa kilo 20 na kidogo. Shika mmoja kila mkono, simama wima, tembea uani hadi vidole vianze kufunguka, uweke chini kwa kuchuchumaa bila kupinda mgongo, upumzike, urudie mara tatu au nne. Anayeona ni mizito ajaze nusu. Wanaoishi ghorofa ya nne ambako maji ya bomba hayapandi wamekuwa wakifanya zoezi hili miaka yote bila kulipa ada.

Njia ya pili ni kuning'inia. Shika bomba imara, acha miguu iache ardhi, hesabu. Mtu mzima mwenye afya anayeanza, akifika sekunde 20 au 30 bila kuteleza mimi naridhika. Kisha aongeze polepole. Akitaka ugumu zaidi atundike taulo kwenye bomba na kushika taulo. Ya tatu ni ya wale walio kwenye chumba cha mazoezi tayari: unapoinua chuma mara ya mwisho katika raundi, usikiweke chini mara moja, kishike sekunde kumi. Haya yafanywe siku mbili au tatu kwa wiki, yakiachana. Kano hazipendi pupa.

Na ukifika mahali ambapo mgongo na miguu bado vina nguvu lakini vidole vimekwisha, hapo ndipo karani wetu naye anaruhusiwa kuchukua mikanda yake. Raundi za mwanzo ashike kwa vidole vyake. Ile moja au mbili za mwisho, zilizo nzito kuliko zote, afunge. Mpango huu humpa vyote viwili, nami sioni aibu yoyote ndani yake.

Wapo wanaoepuka mikanda kwa kushika chuma kiganja kimoja kikiangalia mbele na kingine nyuma. Mshiko huo huzuia chuma kujipindua, na katika mashindano ni wa kawaida. Lakini mkono unaoangalia mbele ukikunjwa hata kidogo uzito ukiwa mkubwa, kano ya misuli ya mbele ya mkono wa juu inaweza kukatika karibu na kiwiko, na hilo kwa kawaida humpeleka mtu kwenye upasuaji. Anayeutumia anyooshe mikono kabisa na abadilishe upande mara kwa mara.

Jasho nalo lina hila zake. Wanyanyuaji hutumia unga mweupe wa magnesiamu kaboneti, unaokausha viganja. Unga huo haupatikani kwa urahisi mitaani, basi watu wamebuni. Mmoja hujipaka poda ya mtoto, ambayo hufanya mkono uteleze zaidi. Mwingine, na hili ni baya sana, huchota chokaa ya kupakia ukuta au vumbi la simiti kwa kuwa rangi yake inafanana. Chokaa hiyo ikikutana na jasho huchoma ngozi, na ikiingia machoni inaweza kumharibia mtu uwezo wa kuona. Kama huna unga unaofaa, kitambaa kikavu kinatosha. Tena piga bomba lenyewe msasa, rangi ile laini iondoke.

Nisiwasahau wenye shinikizo la damu. Kukaza mikono kwa nguvu zote huku umebana pumzi hupandisha shinikizo ghafla, uwe na mikanda au usiwe nayo. Zipo chunguzi zilizoonyesha kwamba kukaza kiganja kwa kiasi tu, kama thelathini kwa mia ya nguvu zako, kwa dakika mbili mara nne, siku tatu kwa wiki, kunaweza kushusha shinikizo kidogo baada ya wiki kadhaa. Hiyo ni tofauti na kuvuta chuma cha kilo 100 ukitoa macho. Mgonjwa azungumze na daktari wake kwanza, pumzi aitoe wakati wa kuinua, na vidonge asiviache.

Kuna kundi moja ambalo sitaki lisome makala haya na kuanza kubeba mitungi zaidi. Kina mama wanaofua nguo za watu kwa mikono, wale tunaowaita mama fua, hukamua shuka na blanketi tangu asubuhi hadi alasiri. Mikono yao imekwisha kufanya mazoezi ya watu watatu. Mama anayeamka usiku kwa ganzi kwenye kidole gumba, cha shahada na cha kati, akalazimika kukung'uta mkono ili damu irudi, kama asemavyo mwenyewe, mara nyingi tatizo lake si damu. Ni mshipa wa fahamu unaobanwa kifundoni, kwenye ule mfereji mwembamba unaopitisha kano. Asikandwe na kila mtu. Aende kituo cha afya mapema, kwa sababu mshipa ukibanwa miaka mingi misuli ya kidole gumba hukonda na haiwi rahisi kuirudisha. Dalili hizo hizo zikimpata mnyanyuaji vyuma, au karani kwenye kompyuta, ushauri ni huo huo, na mikanda inayokaza kifundo aiweke kando kwanza.

Kilichobaki ni cha wenye vyumba vya mazoezi. Wengi wamegeuza mikanda kuwa biashara ya pembeni, wakiiuza mlangoni pamoja na maji ya chupa. Pesa hizo zingeanza na mtaimbo. Fundi mwenye mashine ya lethi anaweza kuchonga mikwaruzo kwenye chuma kilichojaa cha milimita 28 au 30, na mtaimbo mmoja wa namna hiyo, hata kama mingine itabaki mabomba, utawaondolea wateja nusu ya sababu za kununua mikanda. Wewe unayelipa ada ya mwezi, kabla ya kutoa pesa omba kwanza ushike mtaimbo wao.